Kompyuta Inapokataa Kufunguka au Kusasishwa: Dalili na Visababishi Vyake

Kompyuta yenye Windows inapokataa kumfungulia mwenyewe, au inapopakua sasisho lile lile mwezi baada ya mwezi bila kulisakinisha, jibu linalotolewa upesi na mafundi wengi katikati ya jiji la Nairobi ni kuweka Windows upya. Jibu hilo linapendwa kwa sababu bei yake inajulikana na kazi huisha siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba mara nyingi hufuta hati za mteja pamoja na ushahidi wa kilichoharibika, na kwa baadhi ya hitilafu zitakazoelezwa hapa haliponyi chochote. Mwongozo huu unaanza na kile mtumiaji anachokiona kwenye skrini, kisha unarudi nyuma hadi kwenye kisababishi. Hitilafu za kuingia kwenye akaunti na zile za masasisho hushughulikiwa kama mambo mawili yasiyohusiana, ilhali mara nyingi chanzo chake ni kimoja: saa isiyo sahihi, mtandao usiofika unakodhaniwa kufika, au amri zilizoachwa na mmiliki wa awali.

Kabla ya yote, ni vyema kujua akaunti inayotumika ni ya aina gani. Akaunti ya Microsoft hutambuliwa kwa anwani ya barua pepe, na nywila yake hutunzwa na seva za kampuni hiyo. Akaunti ya ndani imo katika mashine hiyo peke yake. Akaunti ya kazi au ya shule iko chini ya msimamizi wa ofisi, ambaye ndiye wa kupigiwa simu kwanza. Tofauti hii hueleza jambo linalowatatiza wengi: mtu akibadilisha nywila ya Microsoft kwa simu, kisha akawasha kompyuta isiyo na intaneti, nywila ya zamani ndiyo itakayokubaliwa, kwa kuwa kompyuta hulinganisha anachoandika na kumbukumbu ya mara ya mwisho ilipowasiliana na seva.

Nywila ni sahihi, lakini inakataliwa

Herufi kubwa zilizofungwa na tarakimu zilizozimwa kwenye kibodi ni mambo ya kuangaliwa kwanza, na hayahitaji maelezo. Lililojificha zaidi, na linalotokea sana Nairobi kuliko miji mingi, ni mpangilio wa kibodi.

Sehemu kubwa ya vipakatalishi vinavyouzwa katika maduka ya Moi Avenue, Luthuli na vichochoro vya karibu ni vile vilivyotumika Uingereza, ambavyo wauzaji huviita «ex-UK». Kibodi zake zimechapishwa kwa mpangilio wa Uingereza, ilhali Windows iliyowekwa na muuzaji kwa kawaida hutumia mpangilio wa Marekani. Kwenye kibodi ya Uingereza, alama ya @ imechapishwa upande wa kulia, karibu na kitufe kikubwa cha Enter, na alama ya kunukuu iko juu ya tarakimu 2. Katika mpangilio wa Marekani, alama hizo mbili hubadilishana nafasi. Basi mwenye nywila iliyo na @ hubonyeza kitufe alichokiona kwa macho yake, kompyuta ikaandika alama ya kunukuu, na kwa kuwa skrini huonyesha vitone vyeusi tu, hana namna ya kujua. Vivyo hivyo kwa anayebonyeza £, ambaye kompyuta yake itaandika #.

Dawa yake ni nyepesi. Bonyeza alama ya jicho iliyo mwishoni mwa kisanduku cha nywila ili uone kilichoandikwa. Iwapo mpangilio ni mwingine, ubadilishe kwa alama ya lugha iliyo pembeni chini ya skrini, au kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi. Ikumbukwe pia kwamba skrini ya kuingilia ina orodha yake ya mipangilio ya kibodi, tofauti na ile inayotumika baada ya kuingia. Ndiyo sababu mtu anaweza kuandika vizuri siku nzima na bado akakataliwa mlangoni asubuhi inayofuata.

Ukijaribu PIN isiyo sahihi mara kadhaa, skrini itakudai uandike A1B2C3. Huo si mtego wala kirusi. Ni njia ya Windows ya kuhakikisha kwamba kibodi inaandika inavyopaswa na kwamba si kitufe kilichokwama kinachobonyeza chenyewe.

Saa imerudi nyuma

Dalili huja kwa pamoja: kompyuta ya mezani iliyozimika kwa sababu ya kukatika kwa umeme inawashwa na kuonyesha mwaka uliopita zamani; tovuti za kawaida zinadaiwa kuwa si salama; akaunti ya Microsoft inasema haiwezi kuunganishwa; na masasisho yanakwama kwa msimbo 0x80072F8F. Aliyepotezwa na dalili hizi huanza kubadilisha nywila, kisha akabadilisha kampuni ya intaneti.

Kisababishi ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi kuu, aina ya CR2032 yenye volti 3, inayoitunza saa wakati mashine haina umeme. Ikiisha, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani kila stima inapopotea. Mawasiliano salama ya intaneti hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta inayodhani kwamba ni mwaka 2015, cheti kilichotolewa majuzi bado hakijaanza kutumika. Kwa hiyo inakataa kuzungumza na seva yoyote, iwe ya akaunti au ya masasisho. Kuweka Windows upya hakubadilishi betri.

Rekebisha tarehe na mwaka kwa mkono kwanza, kwa kuwa huduma ya kulinganisha saa huenda ikakataa kuruka pengo kubwa mno, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi na uandike:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"
net start w32time
w32tm /resync

Mstari wa kwanza unaweka ukanda wa saa wa Nairobi, nao una sababu yake. Mashine iliyotoka Uingereza mara nyingi huja na ukanda wa London. Mnunuzi akiona saa iko nyuma, huisogeza mbele kwa mkono bila kugusa ukanda, na kuanzia hapo saa inayoonekana ni sahihi lakini saa ya dunia ambayo kompyuta inaihesabu kimoyomoyo imekosea kwa saa mbili au tatu. Nyumbani kosa hilo linaweza kupita bila kutambuliwa. Katika ofisi yenye seva yake ya akaunti halipiti, kwani mfumo wa uthibitishaji wa seva hizo huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, isipokuwa msimamizi awe ameibadilisha.

PIN haipatikani

Ujumbe unaosema kwamba kuna jambo limetokea na PIN haipatikani hujitokeza zaidi baada ya sasisho au baada ya mabadiliko ya BIOS, yaani programu ya bodi kuu inayoiwasha mashine kabla ya Windows. PIN ni ya mashine hiyo moja na imefungwa na kifaa chake cha usalama, kwa hiyo hitilafu hii haimaanishi kwamba akaunti imeibwa. Chagua kuingia kwa nywila, au bonyeza «I forgot my PIN» ukiwa na intaneti, uthibitishe nywila ya Microsoft na uweke PIN mpya. Wi-Fi inayodai kwanza ufungue ukurasa wa kujisajili, kama ile ya hoteli na ya mikahawa, huenda isikufae katika hatua hii. Tumia intaneti ya simu yako.

Msimbo wa uthibitisho haufiki

Anza na namba yenyewe. Namba ya Kenya iliyosajiliwa kwenye akaunti inapaswa kuandikwa kwa +254 bila sufuri ya mwanzo. Aliyechagua nchi nyingine kwenye orodha, au aliyebaki na laini aliyoiacha miaka iliyopita, anatumiwa ujumbe usiomfikia. Laini iliyolala muda mrefu huweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na hapo msimbo wako unafika kwa mgeni.

Kama hakuna namba wala barua pepe mbadala unayoweza kuifikia, ipo fomu ya Microsoft ya kurejesha akaunti, ambayo huuliza mambo kama vile nywila za zamani na watu uliowaandikia barua karibuni. Jibu huja kwa kawaida ndani ya saa 24. Fomu hiyo haiwasaidii waliowasha uthibitishaji wa hatua mbili, na hili lingefaa kujulikana kabla ya kuuwasha, si baada. Mtu anayeondoa taarifa zake zote za usalama na kuweka mpya atasubiri siku 30 kabla hazijaanza kutumika. Hakuna fundi anayeweza kufupisha muda huo, na anayedai kwamba anaweza, kwa malipo ya M-Pesa, ni tapeli.

Skrini ya samawati inayodai tarakimu 48

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni husimba diski zake zenyewe, yaani huzifunga zisisomeke bila ufunguo, mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila kumuuliza kwa sauti. Zinapogundua mabadiliko kwenye BIOS, kwenye bodi kuu au kwenye mpangilio wa uwashaji salama (Secure Boot), zinadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Wakati mwingine sasisho peke yake hutosha: masasisho ya Julai 2024 yalizipeleka baadhi ya kompyuta kwenye skrini hiyo bila mtumiaji kubadilisha chochote.

Usikisiekisie, na usikubali diski ifutwe. Chukua simu, fungua anwani aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa akaunti yako, kisha linganisha herufi na tarakimu 8 za kwanza za kitambulisho kilicho kwenye skrini na zile zilizo kwenye orodha. Kama akaunti yako haina ufunguo, jiulize ni nani aliyeiwasha mashine hiyo kwa mara ya kwanza. Kuna wauzaji wanaotayarisha kompyuta kwa akaunti zao wenyewe ili mteja aondoke haraka, na ufunguo hubaki katika akaunti ya duka. Kuna pia mzazi aliyemwekea mwanawe wa chuo kikuu akaunti yake mwenyewe. Ufunguo usipopatikana popote, hata Microsoft haiwezi kuutoa, na hati zilizomo zimepotea. Anayesoma haya huku kompyuta yake ikiwa nzima angefanya vyema kuunakili ufunguo huo kwenye karatasi leo hii.

Jina la kampuni usiyoijua

Dalili ya kwanza: kompyuta iliyotumika inarejeshwa katika hali ya kiwandani, inaunganishwa na Wi-Fi, kisha inamkaribisha mnunuzi kwa jina la kampuni au halmashauri ya Uingereza na kumdai barua pepe ya kazi. Maana yake ni kwamba utambulisho wa vifaa vya mashine hiyo bado umesajiliwa kwa mmiliki wa awali kwenye seva za Microsoft. Kuweka Windows upya hakutasaidia, kwa sababu usajili hauko kwenye diski. Kila mara mashine itakapofika kwenye intaneti wakati wa kutayarishwa, itaulizia kwao. Anayeweza kuufuta ni kampuni hiyo yenyewe, na mwenye wajibu wa kuitafuta ni muuzaji. Kwa hiyo, kabla hujalipa, mwombe muuzaji airejeshe mashine katika hali ya kiwandani na aiunganishe na intaneti mbele yako, anayesita ameshakujibu.

Dalili ya pili haina kelele. Kompyuta inafanya kazi, lakini ukurasa wa masasisho unasema kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika, na utafutaji wa masasisho unaishia kwa msimbo 0x8024402C au 0x80072EE7. Mashine inamtafuta mtunza masasisho wa ofisi yake ya zamani, seva isiyofikika kutoka Nairobi, na seva za Microsoft haiziulizi kamwe. Andika dsregcmd /status kwenye dirisha la amri: ikiwa mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined yote inasema NO, na kompyuta ni yako kihalali, kilichobaki ni mabaki ya sera tu, yaani amri za ofisi ile ya zamani. Hifadhi nakala yake, kisha uyafute kama msimamizi na uwashe mashine upya:

reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" C:\sera.reg
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /f

Kompyuta ya mwajiri isiguswe hivi. Sera zake zimewekwa kwa makusudi.

Masasisho hayapakuliwi

Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo hapa kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao. Anayetumia bando la simu hushtuka anapoona data imekwisha usiku huo. Ukiiambia Windows kwamba mtandao huo unapimwa («metered»), itaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji; lakini wengi huuweka mpangilio huo mara moja na kuusahau, kisha wakashangaa mbona hakuna sasisho lililoingia kwa miezi. Uondoe siku utakapokuwa kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo.

Msimbo 0x80070422 una maana moja tu: huduma ya masasisho imezimwa. Haizimiki yenyewe. Kwa kawaida imezimwa na aliyeweka Windows ya kukraki, ili sasisho lisije likagundua leseni bandia. Unaweza kuirudisha kwa amri ya sc config wuauserv start= demand ikifuatwa na net start wuauserv; lakini ikizimika tena baada ya kuwasha upya, basi chombo cha kukraki kingali ndani kinafanya kazi, na hujui kinafanya nini kingine. Hapo ndipo kuweka Windows upya kunapostahili, tena kwa flashi iliyotayarishwa kutoka tovuti ya Microsoft, si ile inayozungushwa mtaani.

Yanapakuliwa, lakini hayasakinishwi

Msimbo 0x80070070 unaashiria ukosefu wa nafasi; kwa sasisho kubwa la mwaka, hakikisha gigabaiti 20 ziko wazi. Msimbo 0xC1900101 karibu kila mara ni wa draiva, programu ndogo inayoendesha kifaa: chomoa printa, flashi na vifaa vyote vya nje, sasisha draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, kisha ujaribu tena. Msimbo 0x80070643 uliwasumbua wengi Januari 2024, sasisho la KB5034441 lilipohitaji megabaiti 250 za nafasi katika kizigeu cha urejeshaji, sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya kurekebisha mfumo, ambacho kwenye mashine nyingi kilikuwa kidogo mno. Huo haukuwa ugonjwa wa kompyuta zao.

Msimbo 0x80073712 unamaanisha kwamba faili ambazo Windows hujijengea zimeharibika, mara nyingi kwa sababu umeme ulikatika katikati ya usakinishaji. Amri hizi mbili, kwa mpangilio huu, ndizo za kutumia:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza hurekebisha ghala la faili, ya pili hutumia ghala hilo kurekebisha mfumo; ndiyo maana kuanza na ya pili, kama wafanyavyo wengi, mara nyingi hakufui dafu. Ya kwanza huhitaji intaneti na huweza kusimama kwa muda mrefu kwenye asilimia ile ile bila kuwa imekufa.

Uvumilivu huo huo unahitajika mashine inapoonyesha asilimia zisizosonga baada ya kuwashwa upya. Tazama taa ya diski: ikimetameta, kazi inaendelea, na kwenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua saa mbili. Kipakatalishi chenye betri iliyokufa kichukuliwe kama kompyuta ya mezani, kwa hiyo usiwashe sasisho kubwa jioni ambayo mtaa wenu una mazoea ya giza. Mashine ikishindwa kuwaka mara tatu mfululizo, hufungua yenyewe mazingira ya urekebishaji, ambamo unaweza kuondoa sasisho la mwisho bila kupoteza hati.

Umeingia, lakini hati zote hazipo

Baada ya sasisho, eneo-kazi linaonekana jipya kabisa na ujumbe unasema umeingizwa kwa wasifu wa muda. Usihifadhi kitu hapo, kwani kitafutika utakapotoka. Fungua C:\Users uone kama kabrasha lenye jina lako lipo na lina hati. Mara nyingi lipo. Washa upya mara mbili tatu, kwa «Restart» na si kwa kuzima, maana kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo ikiwa imelala. Tatizo likidumu, nakili hati kwenye diski ya nje kabla mtu yeyote hajagusa rejista ya mfumo.

Windows 10 haipokei masasisho tena

Dalili hii si hitilafu. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na hapa akaunti na masasisho vinakutana waziwazi: kujiandikisha kunahitaji toleo la 22H2 la Windows 10 na akaunti ya Microsoft yenye mamlaka ya msimamizi, hata kwa anayelipa dola 30. Mwenye akaunti ya ndani pekee hataweza kukamilisha usajili huo mpaka aingie kwa akaunti hiyo.

Kuhamia Windows 11 kunadai TPM 2.0 (kile kifaa cha usalama kinachofunga PIN), uwashaji salama, RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na, kwa Intel, kwa kawaida kichakataji cha kizazi cha nane au zaidi. Kwa vipakatalishi vilivyojaa madukani mwetu, mpaka huo unapita kati ya HP EliteBook 840 G3 au G4, zisizokubalika, na 840 G5. Na kati ya ThinkPad T470 na T480. Vile vidogo vyenye hifadhi ya gigabaiti 32, ambavyo wazazi wengi waliwanunulia watoto kwa bei nafuu, vimeachwa nje kwa kigezo cha diski peke yake, na hifadhi yake imeunganishwa kwenye bodi kiasi kwamba haibadilishiki.